Kabati la Bwiru na mkanda wa shaba

Simu ilihusu kabati tu. Mama mmoja, muuguzi mstaafu anayeishi Bwiru hapa Mwanza, upande ule ambao nyumba zimepandana juu ya majabali, alisema milango haifungi na mgongo wa kabati umetuna. Nikatia kwenye begi patasi, msasa, chupa ya gundi na klampu mbili, nikachukua bodaboda kutoka karakana yetu Mabatini. Ilikuwa mwezi wa pili. Nilijua ni kazi ya siku mbili, zikizidi tatu. Nimeimaliza mwezi wa kumi, na muda mwingi kati ya hapo sikuwa nashika mbao, nilikuwa juu ya paa.

Nakiandika kisa hiki pamoja na pale nilipojikwaa mwenyewe, kwa sababu mafundi niliowasimulia wameniambia wana paa lililoliwa na kutu namna hiyohiyo kwa wateja wao, na wote walikuwa wanalilaumu ziwa.

Kabati

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Ndilo hilo. Na sasa rafu ya juu inanuka uvundo, nguo nimezihamishia kwenye masanduku."

Ni kabati la mninga, milango miwili, kimo cha mtu mrefu. Marehemu mume wake alilinunua mjini mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwenye karakana ya mafundi wa Kihindi. Ukilitazama unajua aliyelitengeneza hakuwa na haraka: ulimi wa kila ubao umeingia kwenye tundu lake bila kupwaya, na misumari ni michache sana, ipo mgongoni tu kushikilia plaiwudi.

Nilipofungua kiungo cha mlango wa kulia vikadondoka vipande vya gundi ya rangi ya sukari guru, vinang'aa na kukatika kama kioo. Nikaviweka kwenye kijiko na maji ya moto. Baada ya dakika chache vikalainika, vikaanza kunata, na harufu ikapanda, ile ya kwato na ngozi. Gundi ya mnyama. Vijana wengi hawajaikuta, na wakiikuta huikwangua kwa hasira. Mimi huifurahia. Gundi hii inakubali kuombwa radhi: maji ya moto kidogo na kitambaa, kiungo kinaachia bila kuvunjika, unakisafisha na kukiunga upya. Gundi nyingi za leo ukizikosea huna njia ya kurudi isipokuwa msumeno.

Kulikuwa na alama nyingine mbili. Kuzunguka kila msumari wa mgongoni palikuwa na duara jeusi, kama mtu amechovya kidole kwenye wino. Mninga ndio mti ule unaotoa utomvu mwekundu kama damu ukikatwa, na utomvu huo una tanini nyingi. Tanini ikikutana na chuma kwenye unyevu huzaa weusi, na watu wa zamani walitengeneza wino wa kuandikia kwa njia hiyohiyo. Maana yake ni kwamba maji yalikuwa yamefika kwenye misumari, na si mara moja. Alama ya pili ilikuwa juu, kwenye paji la kabati: ukungu mweupe ndani ya polishi. Polishi ya enzi zile ni shelaki, utomvu wa wadudu wa India ulioyeyushwa kwa spiriti, na shelaki ikishikwa na unyevu hugeuka nyeupe.

Nikauliza maji yanatoka wapi. Mama akasema, "Ni huyu dada wa kazi, anapiga deki kama anaosha lori." Nikacheka, nikakubali.

Kosa langu la kwanza ni hilo. Ukungu ulikuwa juu, plaiwudi ilikuwa imetuna juu, na uvundo ulikuwa kwenye rafu ya juu. Miguu ya kabati ilikuwa mikavu kabisa. Maji ya deki hayapandi ukutani mita mbili yakaruka miguu. Niliyaona yote hayo kwa macho yangu, na bado nikayachukua maneno ya mteja kwa kuwa yalikuwa mepesi na kazi ilikuwa inanisubiri.

Nikafanya kazi nzuri tu. Viungo nikaviunga upya kwa gundi nyeupe ya mbao, ile ambayo asili yake ni uvumbuzi wa Mjerumani Fritz Klatte wa mwaka 1912. Ni gundi bora, ila si rafiki wa maji yanayokaa. Plaiwudi mpya mgongoni. Madoa meusi nikayapunguza kwa maji ya limau, nikipaka na kufuta mara nne. Ukungu wa shelaki nikauondoa kwa kitambaa kilichoguswa spiriti kidogo sana, ukipita haraka bila kusimama, maana ukisimama polishi nayo inaondoka. Mama akafurahi, akanilipa, akanifungia na samaki wa kuondoka naye.

Masika yakaja. Mwezi wa tano simu ikalia tena.

Nyota zilizojipanga

Safari hii sikufungua begi. Nilisogeza kabati kutoka ukutani, nikatazama juu. Kwenye silingi bodi, kwenye kona ambayo kivuli cha kabati kilikuwa kinaificha, palikuwa na doa la kahawia lenye pete ndani ya pete, kama gogo lililokatwa. Kila pete ni mvua moja iliyokauka.

Nikaingia darini kwa tochi, nikaizima, nikasubiri macho yazoee giza. Kila fundi paa anajua jambo hili: zima taa, bati litakuonyesha lenyewe. Kwa kawaida matundu ya mwanga hukaa kwenye misumari, pale mpira ulipochoka au msumari ulipotoka. Hapa misumari ilikuwa mizima. Vitundu vilikuwa vidogo kama ncha za sindano, na vilikuwa vimejipanga kwenye mstari mmoja mnyoofu, kipimo kama cha mkono mmoja chini ya kofia ya paa, vyote upande wa ziwani. Upande wa nchi kavu hakukuwa na hata kimoja.

Nikamwita mama aje chini ya tundu la dari, nikamweleza ninachokiona. Hakushangaa. "Ndiyo hivyo, ni upepo wa ziwa. Aliyetuuzia rangi alituambia, na aliyepaka mara ya pili akatuambia hivyohivyo. Upande wa ziwa unaliwa."

Ni maelezo matamu, na mkazi wa Mwanza hana sababu ya kuyakataa, maana upepo upo na ziwa lipo mbele ya dirisha. Lakini Ziwa Victoria ni maji baridi. Upepo wake hauna chumvi ile inayokula mabati ya Tanga na Bagamoyo. Unyevu upo, ndiyo, na kutu inahitaji unyevu. Ila unyevu haupigi mstari kwa rula. Na kulikuwa na shahidi mwingine uani: jiko la nje limeezekwa kwa mabati ya aina hiyohiyo, yamezidi ya nyumba kubwa kwa miaka miwili kwa umri, yanatazama ziwa lilelile, na yalikuwa yamepauka tu. Hayana kutu.

Nikapanda juu ya paa.

Pembeni tu ya kofia, upande wa ziwani, palikuwa na mkanda wa shaba nyekundu, upana wa vidole viwili, umelazwa juu ya migongo ya bati kutoka ncha moja ya nyumba hadi karibu na ncha nyingine, kisha unashuka ukutani kwenda ardhini. Kinga ya radi. Mama aliiweka miaka michache nyuma, na sikumlaumu: kanda ya ziwa ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa sana na radi, na nyumba yake imesimama juu ya jabali tupu. Mkanda ulikuwa umegeuka kahawia, kingo zake zina ukijani. Chini yake, katika kila mfereji wa bati, ulianza ulimi wa kutu uliokuwa mnene pale mkanda ulipo na kwenda ukififia kuelekea kwenye gata. Mfereji baada ya mfereji, ndimi zote zinatoka kwenye mkanda. Ukipita ncha ambapo mkanda unaishia, bati la mwisho halikuwa na ulimi.

Bati linajilinda vipi

Bati ni chuma chembamba kilichovikwa zinki. Mikunjo yake tunadaiwa na mhandisi wa London, Henry Robinson Palmer, aliyeisajili mwaka 1829: karatasi ya chuma isiyoweza kujibeba, ukiikunja mawimbi inabeba mtu. Zinki ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1742 daktari Mfaransa, Paul Jacques Malouin, alieleza namna ya kuchovya chuma kwenye zinki iliyoyeyuka, na mwaka 1837 Mfaransa mwenzake Stanislas Sorel akaisajili njia hiyo kama uvumbuzi wa kuzuia kutu. Zinki huyeyuka karibu na nyuzi 420, na viwanda huchovya kwenye nyuzi kama 450.

Wengi wetu tunadhani zinki ni koti: inazuia maji yasifike kwenye chuma. Hiyo ni nusu ya kazi yake. Nusu nyingine ni kwamba zinki inakubali kuliwa kwanza. Metali mbili zikigusana kwenye maji, ile nyepesi kuliwa inajitoa na nyingine inasalimika. Zinki ni nyepesi kuliwa kuliko chuma. Ndiyo maana bati likikwaruzwa na msumari, mkwaruzo haushiki kutu haraka: zinki iliyo pembeni yake inalipa deni. Ila deni halilipwi milele. Bati linaloandikwa Z275 lina gramu 275 za zinki kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili pamoja. Ukipiga hesabu ni unene wa kama sehemu ishirini kati ya elfu moja za milimita kila upande, wembamba kuliko unywele. Mabati ya bei rahisi yana pungufu ya hapo.

Sasa weka shaba juu yake. Shaba iko mbali kabisa upande wa pili: ni ngumu kuliwa kuliko chuma, seuze zinki. Panapogusana na kulowa, zinki inaisha mbio. Na kuna jambo baya zaidi, ambalo hata mimi ilibidi nilitafute: si lazima ziguse. Maji ya mvua yakipita juu ya shaba huchukua chembe kidogo sana za shaba. Yakishuka kwenye zinki, chembe hizo hujibandika juu yake kama vidoa, na kila kidoa kinakuwa kijibetri kinachokula zinki iliyokizunguka. Zinki ikiisha, chuma kinafuata. Ndimi za kutu nilizoziona zilikuwa ramani ya njia ya maji.

Jambo hili lina historia ya kuchekesha. Mwaka 1824 mkemia Mwingereza Humphry Davy alipewa shida iliyopinduka kichwa chini: meli za kivita za Uingereza zilikuwa zimevikwa mabamba ya shaba chini, na maji ya bahari yalikuwa yanayala. Davy akafunga vipande vya chuma na zinki kwenye shaba. Vipande vikaliwa, shaba ikabaki nzima. Ushindi mtupu, mpaka walipogundua kwamba shaba isiyoliwa haiui tena majani na konokono wa bahari. Meli zikaota ndevu, zikawa nzito, na dawa ikaachwa. Juu ya paa la Bwiru tulikuwa tumefanya alichofanya Davy bila kujua. Tulikuwa tumetoa mabati kafara ili mkanda wa shaba uishi maisha marefu.

Chupa tatu dirishani

Mama hakuniamini, na nisingependa aniamini bure, kwa sababu nilikuwa namwambia atoe kitu alichokilipia. Nikamwomba chupa tatu za jemu. Nikajaza maji ya bomba, na chumvi kidogo katika kila moja, maana maji yetu ni matamu mno na bila chumvi tungesubiri sana. Chupa ya kwanza: msumari wa kawaida, usio na zinki, peke yake. Ya pili: msumari uliozungushiwa waya wa shaba uliochunwa vizuri. Ya tatu: msumari uliozungushiwa ukanda wa zinki niliokata kwenye ganda la betri kubwa ya tochi, zile za bei chee; ukishaosha ule unga mweusi wa ndani ganda lenyewe ni zinki. Betri za alkali hazifai, ganda lake ni chuma.

Nikaziacha dirishani, nikaenda zangu. Baada ya wiki mama akanipigia mwenyewe. Msumari wa peke yake ulikuwa na kutu. Ule wa shaba ulikuwa na kutu zaidi, maji yamekuwa kama chai. Ule wa zinki ulikuwa safi, chini pametuama unga mweupe kidogo, ndiyo zinki iliyojitoa.

"Huu wa katikati," akasema, "ndiyo nyumba yangu?"

"Ndiyo mama."

"Haya. Njoo na huyo mtu wa radi."

Dawa zilizopakwa kabla

Kabla sijaeleza tulichofanya, inafaa kuzitazama dawa zilizotangulia, kwa sababu hakuna hata moja iliyokuwa feki. Kila moja ilikuwa na adui wake, na adui wa hapa alikuwa mwingine.

Ya kwanza ilikuwa rangi ya mafuta, imepakwa moja kwa moja juu ya bati jipya linalong'aa. Ilikuwa imebanduka vipande vipana kama ganda la yai lililochemshwa. Hili halikuwa kosa la shaba. Mafuta ya rangi hiyo yakikutana na zinki hugeuka polepole kuwa kitu mfano wa sabuni, na rangi haiwezi kushika juu ya sabuni. Ndiyo maana wazee walisema bati jipya liache lipigwe jua na mvua mwaka mzima kwanza. Siku hizi kuna rangi za kutangulia zilizotengenezwa mahsusi kwa zinki, na anayeharakisha azinunue hizo, asijidanganye na rangi ya geti.

Ya pili ilikuwa lami, imebandikwa juu ya vitundu. Iliziba msimu mmoja. Jua likaipasua, maji yakaingia chini yake na kukaa. Lami ikizeeka juani hutoa uchachu kidogo ambao nao hauipendi zinki. Pale ilipobandikwa ndipo matundu yalikuwa makubwa kuliko kwingine.

Ya tatu ilinifanya nicheke. Mkwe wa mama alipanda na kopo la WD-40, akapuliza kutu yote. Dawa hiyo ilitengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, na namba 40 ni kwa sababu majaribio 39 ya kwanza yalishindwa. Kazi yake, kama jina lake la Kiingereza linavyosema, ni kufukuza maji. Kwa bawaba za geti ni nzuri sana. Juu ya paa inakaa hadi mvua chache zijazo, na inaacha mafuta yanayozuia rangi yoyote kushika. Nilitumia nusu siku kuyaosha kwa sabuni ya unga na brashi.

Zile rangi za kutu za asidi hawakuwa wamezijaribu, nami baadaye nilizitumia, nitazieleza.

Mtu wa radi

Alikuja, kijana msomi, na akaanza kwa kunikatalia. Shaba ndiyo inapitisha umeme vizuri, akasema, na ndiyo inayodumu ardhini. Alikuwa sahihi kwa yote mawili, na sikubishana naye. Nilimpeleka juu ya paa, nikamwonyesha bati la mwisho lisilo na ulimi wa kutu. Alilitazama muda mrefu, akapitisha kidole kwenye mfereji, kikatoka na unga mwekundu. Kisha akasema mwenyewe: aluminiamu.

Kinga ya radi inaweza kufanywa kwa aluminiamu au kwa chuma kilichovikwa zinki, bora upana na unene ufuate vipimo. Aluminiamu na bati la zinki zinasikilizana. Shida yake ni ardhini: aluminiamu haizikwi, udongo unaila. Kwa hiyo tukakubaliana mkanda wa aluminiamu utambae paani na kushuka ukutani, na shaba ibaki chini tu, ikiingia ardhini. Pale zinapoungana kunawekwa kiungo maalumu cha metali mbili, na kinakaa chini ya paa mahali pakavu, shaba ikiwa chini ya aluminiamu. Mpangilio huo ndio wa kukumbuka. Maji yanaruhusiwa kutoka kwenye zinki na aluminiamu kwenda kwenye shaba. Kutoka kwenye shaba kushuka kwenye zinki, hapana. Kuna watu wanaoweka mabomba ya shaba ya kuchemshia maji kwa jua juu ya mabati, na hao nao wakatazame chini ya mabomba yao.

Kazi ya radi aliifanya yeye mwenyewe, siyo mimi, na fundi paa asijaribu kuikata kinga ya radi na kuiunga anavyojua.

Paa, na mbao za kijani

Tulingoja kiangazi. Mabati tisa yalikuwa yamekwisha, tukayang'oa. Yaliyobaki yalikuwa na kutu ya juujuu tu. Kwanza tukafungua bomba la gata linalojaza tangi la maji, maana mama anakunywa maji ya paa hilo, na kila tulichoosha kilikuwa kinashuka humo. Kisha brashi ya waya, si ya shaba njano bali ya chuma, na tukafagia vumbi lote lisibaki hata kidogo.

Hapo ndipo dawa ya asidi ya fosforiki ikapata kazi. Asidi hiyo ikigusa kutu huigeuza kuwa fosfati ya chuma, tabaka jeusi-kijivu linaloshika rangi. Mwingereza Thomas Watts Coslett alisajili njia ya namna hii mwaka 1906. Dawa inataka kutu nyembamba iliyoshika. Kutu ya magamba haiwezi, inaloa juu na kubaki kavu ndani. Glavu na miwani ni lazima, na usiimwage kwenye zinki nzima, maana itaila hiyo pia. Mimi huipaka kwa brashi ndogo ya msanii, doa kwa doa, na vijana wangu wananicheka. Juu yake rangi ya kutangulia ya zinki, halafu rangi mbili za paa. Mvua mbili za kwanza mama alizimwaga kabla ya kurudisha bomba kwenye tangi.

Chini ya mabati tuliyong'oa, papi mbili, zile mbao zinazopigiliwa mabati, zilikuwa laini, kucha inaingia. Tukaweka za msonobari zilizotiwa dawa, zile zenye ukijani. Ukijani huo ni shaba. Mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki uliovumbuliwa na Sonti Kamesan nchini India mwaka 1933 ndio uliozifanya mbao laini za msonobari zivumilie fangasi na mchwa. Shaba ileile iliyokuwa inamaliza bati ndiyo ilikuwa inaziokoa mbao, kwa hiyo mimi huweka ukanda wa karatasi ya nailoni kati ya papi za aina hiyo na bati, ili zikilowa zisigusane.

Nina neno kali kuhusu mbao hizo. Vipande vilivyobaki mama lishe wa jirani alikuja kuviomba kwa kuni. Nikamnyima, akanuna, akasema mafundi tuna choyo. Aseniki haiungui ikaisha. Inabaki kwenye majivu na nyingine inapanda na moshi. Marekani waliziondoa mbao hizo kwenye matumizi mengi ya nyumbani mwishoni mwa 2003. Ukikaangia dagaa kwa vipande vile unawalisha watu sumu. Siku iliyofuata nilimpelekea gunia la mabaki ya mninga kutoka karakana, tukapatana.

Kurudi kwenye kabati

Lilikuwa limeharibika kuliko mara ya kwanza, na safari hii kwa sehemu lilikuwa kosa langu. Gundi nyeupe ilikuwa imelainika na kuteleza, kisha ikakauka ikiwa imeachia. Ilibidi niikwangue ndani ya matundu kwa patasi nyembamba, kazi ambayo gundi ya zamani isingenipa. Ulimi mmoja wa mlango ulivunjika mkononi mwangu. Nikaukata, nikachonga mwingine wa mninga, nikauzamisha ndani ya ubao kwa gundi ya epoksi, ile ya makopo mawili ambayo mwanzo wake ni kazi ya Mswisi Pierre Castan katika miaka ya 1930. Epoksi haiogopi maji. Pia hairudi nyuma, kwa hiyo niliitumia mahali pamoja tu, pale ambapo palikuwa pameshavunjika.

Kwenye mbao nyeupe ya nje ya mguu wa nyuma nilikuta unga laini na vitundu: bungua. Mtu alikuwa amepaka oili chafu ya gari miaka ya nyuma, mguu unanuka gereji hadi leo. Moyo mwekundu wa mninga bungua hauwezi. Anakula ile nyeupe tu. Nikaichonga yote nikaitupa, nikapaka maji ya boraksi, nikaacha ikauke wiki mbili kabla ya polishi.

Plaiwudi ya mgongoni sikuirudisha nzima. Nimeacha mwanya wa vidole vitatu juu na chini, na kabati limesogezwa lisigusane na ukuta. Mama aliuliza kama nitaondoa na weupe uliobaki kwenye paji. Nikamwambia naweza. Akapitisha kiganja juu yake, akasema, "Acha. Hapo ndipo alipokuwa anaweka redio yake."

Mkanda wa shaba aliupeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na fedha yake ikalipa gata jipya na chenji ikabaki. Mabati tisa mapya yapo, meusi kwa rangi. Nimeacha bati moja la zamani, la nne kutoka ukingoni, lenye ulimi wa kutu niliousugua lakini sikuupaka chochote, na mama anajua. Mvua za vuli zimeanza wiki iliyopita. Jana nilipanda nikatazama: ulimi upo palepale nilipouchorea kwa penseli, haujashuka.

Chupa tatu bado ziko dirishani. Mjukuu amechomoa msumari wa shaba, ametia wa kwake.